Stendi ya Injini Nzito: Soma Kilo, Halafu Pima Umbali

Anayetafuta stendi ya kufanyia injini ovaholi huanza kwa kusoma kibandiko. Kimeandikwa 1000 LBS, anapiga hesabu, anapata kilo 450 na kitu, anakumbuka kuwa injini yake haifiki huko, analipa na kuipakia kwenye kirikuu. Kwa injini ndogo ya silinda nne hatapata tabu yoyote. Lakini kama ameshusha injini ya Land Cruiser ya zamani, ile ya silinda sita kwa mstari, yenye bloku na hedi za chuma cha kusubu, kibandiko hicho hakijamwambia jambo kubwa kuliko yote: hizo kilo 450 zinaruhusiwa kukaa umbali gani kutoka kwenye pleti inayoishika injini.

Nataja Land Cruiser kwa makusudi. FJ40 ilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, na zile za mfululizo wa 60 kuanzia 1980 hadi 1990, na ni vigumu kupata hifadhi ya wanyama, misheni au mradi wa visima Tanzania na Kenya ambao haukupitiwa na mojawapo. Leo watu wanazifufua. Wengine wanazitaka kwa kazi ya watalii, wengine ni gari la marehemu baba na hawataki life, wengine wanalenga kulisimamisha kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi. Ukifungua boneti, mara nyingi utakuta 2F ya petroli, ya lita 4.2, iliyoanza kutumika 1975, au 2H ya dizeli, ya karibu lita 4. Zote mbili ni ndefu, zote mbili ni chuma, na zote mbili huonea stendi za dukani.

Chukua rula tuone kwa nini. Silinda ya 2F ina kipenyo cha milimita 94. Zipange sita kwa mstari bila kuacha hata nafasi ya unywele, tayari umefika sentimita 56. Ongeza kuta kati ya silinda na silinda, njia za maji, kisha gia za taimingi kule mbele, na bloku limepita sentimita 70 kabla hujafunga pampu ya maji wala puli. Stendi ya kawaida huishika injini kwa nyuma tu, kwenye matundu ya bolti za gia boksi, halafu injini nzima inaning'inia hewani kuelekea mbele. Kitovu cha uzito wake, kwa hiyo, kiko kama sentimita 35 kutoka uso wa nyuma, na mikono ya stendi inaongeza sentimita 10 nyingine. Jumla, 45.

Ikumbatie ndoo ya maji kifuani na utasimama nayo muda mrefu. Inyooshee mkono, uishike hiyo hiyo kwa mbali, na bega litakuambia ukweli kabla hujahesabu kumi. Ndoo haijaongezeka uzito. Kilichoongezeka ni umbali, na stendi ya injini ni mkono ulionyooka usiku na mchana kwa miezi yote unayosubiri pistoni zifike.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu: kilo mara mita. Injini ya silinda sita ya aina hii huwa naikadiria kwa kilo 350 ikiwa imevaa vifaa vyake, ili nisijidanganye. Kilo 350 mara mita 0.45 ni karibu 157. Sasa chukua injini ya Rover V8 ya lita 3.5, ambayo bloku lake ni la alumini na silinda zake zimekaa nne nne pande mbili, hivyo ni fupi. Iweke kwa kilo 200 na kitovu chake sentimita 35 kutoka kwenye pleti ya stendi: unapata 70. Uzito haujafika mara mbili, lakini nguvu inayoikunja stendi imepita mara mbili. Hii ndiyo sababu mtu aliyefanyia V8 yake ovaholi bila shida atakuazima stendi yake kwa moyo mweupe kabisa, nawe ukaikuta inainamisha kichwa mara tu unapolegeza mnyororo.

Kama unataka uzito halisi na si makadirio, si vigumu kuupata. Wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 500 na zaidi. Mwombe mmoja aje nayo siku ya kuishusha injini, ninginiza mzani kati ya mnyororo na injini, soma, andika. Baada ya hapo punguza mzigo kabla ya stendi kuuona. Vua manifoldi, alteneta, stata, pampu ya dizeli, kompresa kama ipo. Flaiwili na klachi lazima zitoke hata hivyo, kwa sababu zinaziba uso unaofungia stendi. Huna sababu ya kubebesha stendi vitu ambavyo utavisafisha mezani.

Sasa twende dukani. Stendi za kuagizwa kutoka nje huja kwa sura mbili. Ya kwanza ina miguu mitatu: mhimili mpana nyuma na mguu mmoja mrefu unaotoka katikati kwenda mbele, wenye gurudumu moja mwishoni. Ya pili ina miguu minne, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la herufi H. Ya miguu mitatu ni rahisi kwa bei na kubwa kwa hatari, na hatari yake iko palepale injini ndefu inapouweka uzito wake. Tuseme mhimili wa nyuma una upana wa sentimita 80 na mguu wa mbele una urefu wa mita 1. Magurudumu matatu yanachora pembetatu sakafuni, na pembetatu hiyo inazidi kuwa nyembamba kadiri unavyokwenda mbele. Uzito wa injini ndefu unaangukia kama sentimita 60 kutoka kwenye nguzo. Hapo, kutoka katikati hadi ukingo wa pembetatu, zimebaki sentimita 15 tu. Kitovu cha uzito kiko juu kama sentimita 90. Maana yake stendi ikiegemea upande kwa nyuzi 9 hivi, injini imekwenda. Ile ya miguu minne yenye upana uleule mbele na nyuma inavumilia hadi nyuzi 24. Gurudumu moja likikwama kwenye ufa wa sakafu huku wewe unasukuma kwa bega, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utalala nyumbani au hospitali.

Kwa hiyo ya miguu mitatu usiiguse kwa injini ya silinda sita, hata kama umepewa bure.

Ukiipata ya miguu minne, usiishie kwenye kibandiko, hata kikiwa 2000 LBS, yaani kilo 900 na kidogo. Tazama mambo haya kwa mkono wako. Shika ile pleti ya mbele uitikise juu na chini: bomba la kuzungukia likicheza ndani ya kola yake, angalia limecheza kiasi gani. Uwazi wa milimita 2 kwenye kola ya urefu wa sentimita 15 unageuka karibu sentimita 1 kule kwenye ncha ya mbele ya injini, na hapo mzigo haujaikunja stendi bado. Tazama nguzo: stendi iliyotengenezwa vizuri huwa na pleti iliyoinuliwa kidogo kuelekea juu ikiwa tupu, ili ikibeba inyooke. Iliyolala chini ikiwa tupu, iache. Pitisha kidole kwenye weldi za kitako cha nguzo. Unatafuta mfereji uliochimbika kando ya weldi, kwa sababu hapo chuma kimeliwa na ndipo kitakapoanza kupasuka. Hesabu pia vipande vya pembetatu vinavyoshikiza nguzo na kitako. Kama havipo, na nguzo imesimama kwa weldi peke yake, jibu unalo.

Wengi hawataipenda hoja hii ifuatayo, lakini naisimamia: stendi ya kuzunguka iliyo dhaifu ni mbaya kuliko kutokuwa na stendi kabisa. Meza fupi ya chuma, ya kimo cha goti, yenye mbao nene juu yake na nafasi katikati ya sampu kukaa, pamoja na mnyororo wa cheni bloku wa kuigeuza injini unapotaka kufunga krenki kutoka chini, imefanya injini nyingi nzuri katika gereji zetu. Haizunguki. Inakuchosha. Lakini mzigo wake unashuka moja kwa moja sakafuni, hakuna kinachoning'inia. Mtu asiye na fedha ya stendi nzuri aijenge meza hiyo na aweke tofauti kwenye ringi na beringi. Asinunue stendi ya kubahatisha kwa sababu tu ameona kila picha ya injini inayofanyiwa ovaholi iko kwenye stendi.

Njia ninayoipenda zaidi, kwa injini hizi ndefu, ni kutengenezewa. Gerezani jijini Dar es Salaam, Gikomba na Kariobangi jijini Nairobi, Katwe jijini Kampala, wapo mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza vitu vizito kuliko hivi kila siku. Kazi yako ni kwenda na vipimo mkononi, kwa sababu usipokuwa navyo fundi atatumia chuma kilichopo. Utamwambia, "Fundi, nataka bomba la ukuta wa milimita 6." Naye atakujibu kwa nia njema, "Bosi, hili la 3 linatosha kabisa, si ndilo tunalotengenezea mageti?" Mweleze kazi ya chuma hicho na usibadilishe kipimo. Bomba jembamba huenda lisivunjike siku ya kwanza. Linachofanya ni kutikisika, na ukuta wake unajikunja polepole palepale weldi inapoishia.

Vipimo nivitoavyo mimi ni hivi. Nguzo na kitako, skwea paipu ya 80 kwa 80, unene milimita 5. Bomba la kuzungukia, kipenyo cha nje milimita 76, ukuta milimita 6, lisilo na mshono likipatikana. Kola inayolipokea iwe na urefu wa sentimita 20, na uwazi usizidi milimita 1, hata kama itabidi uipeleke kwa fundi wa lezi aichonge. Ukiwa pale mwombe atoboe tundu la kuingizia grisi. Pleti ya mbele, milimita 12 na kuendelea. Pembetatu za kushikiza nguzo, milimita 8, ndefu kiasi cha sentimita 20 kila upande. Elektrodi za E6013 ndizo zinazotumika kila mahali na zinafaa kwa sehemu kubwa ya kazi, ila kwenye kitako cha nguzo na kwenye pleti ningeomba E7018, na ningeomba zitoke kwenye pakiti kavu au zipashwe moto kwanza, maana zikishavuta unyevunyevu faida yake imepotea.

Kisha, na hapa ndipo fedha ya ziada inapolipa: mwambie fundi aweke nguzo mbili. Nguzo ya nyuma inaishika injini kwenye uso wa gia boksi kama kawaida. Nguzo ya mbele ina kola yake, na bomba fupi linaloingia humo linafungwa kwenye pleti ya pili iliyobanwa mbele ya bloku. Injini sasa imeshikwa ncha zote mbili. Ile hesabu ya 157 inatoweka. Kila nguzo inabeba takriban nusu ya kilo, zikishuka wima. Stendi ya namna hii inabeba 2H bila kulalamika, na inabeba pia injini za lori ambazo hakuna stendi ya dukani ya bei ya kawaida inayozikaribia.

Ina mitego yake miwili. Kola zisipokuwa kwenye mstari mmoja, injini haitazunguka, na ukiilazimisha utakuwa unapinda ama stendi ama masikio ya bloku. Dawa yake ni fundi apitishe bomba moja refu katika kola zote mbili, azishike kwa vidoa vya weldi, ahakikishe bomba linazunguka kwa mkono, achomelee kidogo kidogo akihama upande huu na ule ili joto lisivute chuma, na bomba lisitoke mpaka kila kitu kimepoa. Ndipo likatwe. Mtego wa pili ni kwamba nguzo ya mbele inaziba gia za taimingi. Ifunge kwa bolti, si kwa weldi, ili siku ya gia hizo uweke kigogo imara na jeki chini ya mbele ya bloku, uivue nguzo, ufanye kazi, uirudishe.

Tuje kwenye kushikana kwa stendi na injini, mahali ambapo ajali nyingi huanzia. Stendi za dukani zina mikono minne inayoteleza ili ikutane na matundu ya injini yoyote. Urahisi huo una gharama: kila mkono una mrija wake unaotokeza mbele, na bolti ndefu ndani ya mrija. Kwa injini nzito tengeneza pleti moja iliyotobolewa kwa ajili ya injini yako tu. Chukua boksi gumu la katoni, lisimamishe kwenye uso wa nyuma wa bloku, na usugue juu yake kwa kidole gumba chenye oili. Kingo za matundu zitajichora zenyewe, duara kwa duara, pamoja na alama za pini za kulengea. Kata hizo duara, jaribu boksi lako mara ya pili kwa kupitisha bolti halisi, kisha mpe fundi atoboe pleti kwa kulifuata. Tumia matundu sita badala ya manne kama yapo, na ukate katikati ya pleti uwazi mkubwa kiasi cha kuona nyuma ya krenki.

Bomba la kuzungukia lichomelewe wapi kwenye pleti hiyo? Likikaa chini mno injini itakuwa nzito upande wa juu na itataka kupinduka yenyewe; likikaa juu mno itagoma kugeuka. Kwa injini ya silinda sita yenye hedi na sampu zake mimi huanzia kama sentimita 8 juu ya mstari wa krenki. Mwambie fundi ashike kwa vidoa kwanza, uijaribu injini, ndipo achomelee. Na ujue kwamba mizani hiyo inabadilika: siku unayovua hedi, kitovu cha uzito kinashuka, na injini iliyokuwa ikigeuka kwa kidole itahitaji watu wawili.

Bolti. Soma kichwa chake. Za milimita zina namba, na unachotaka ni 8.8 au 10.9. Za inchi, ambazo utazikuta kwenye Land Rover za zamani na magari ya Kimarekani, zina mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Kichwa kisicho na alama yoyote, kirudishe dukani. Ile fimbo ya nyuzi inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi usiifikirie kabisa; ni chuma laini.

Bolti ya M10 yenye daraja 8.8 inavumilia mvuto wa zaidi ya tani 3, kwa hiyo si rahisi ikatike kwa kuvutwa tu na injini yako. Kinachotokea ni mambo mawili mengine. Bolti inaingia nyuzi nne tu kwa sababu pleti na washa zimekula urefu wake, na nyuzi za bloku, ambazo zina umri wa miaka 40, zinang'oka. Au bolti ndefu imepita ndani ya mrija mpana, ikaachwa ijipinde katikati. Hakikisha kila bolti imeingia kwenye bloku angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake: M12, milimita 18. Pima kina cha tundu kwa waya kabla, uchague bolti inayotosha bila kugonga mwisho wa tundu. Safisha nyuzi kwa tapu inayolingana nazo, upige hewa, uingize bolti kwa vidole. Isipokwenda kwa vidole, hatua ya nyuzi si yake. Usimwite kijana mwenye spana ndefu.

Stendi imekamilika, imepakwa rangi, inapendeza. Usiibebeshe injini bado. Ijaribu. Funga bomba imara kwenye pleti, litokeze mbele, na uninginize juu yake ubao wenye mifuko minane ya saruji, sentimita 60 kutoka kwenye pleti. Mifuko minane ya kilo 50 ni kilo 400. Mara mita 0.6 ni 240, yaani mara moja na nusu ya ile 157 ya injini yako. Ubao uninginie sentimita 5 tu juu ya kitako cha stendi, ili kitu kikikatika kisianguke mbali. Kabla ya kupakia, pima kutoka sakafuni hadi ncha ya bomba. Pima tena mzigo ukiwa juu. Uache ulale. Asubuhi ondoa mifuko, upime mara ya tatu. Kushuka kidogo chini ya mzigo ni kawaida ya chuma. Kisichoruhusiwa ni vipimo vya kwanza na vya tatu kutofautiana: chuma kisichorudi mahali pake kimeshapinda, na kitaendelea kupinda. Kama ni stendi ya nguzo mbili, ijaribu bado kwa nguzo ya nyuma peke yake, kwa sababu kuna siku utaivua ya mbele. Ikifaulu, andika kwa rangi kwenye nguzo uzito na umbali ulioujaribu, maana stendi itaazimwa, na anayeazima hataijua historia yake.

Kuhusu magurudumu nitasema machache. Sakafu isiyo sawa huacha magurudumu matatu tu yakigusa, kwa hiyo kila gurudumu liwe linaweza kubeba theluthi ya jumla, si robo. Yawe ya chuma au mpira mgumu, makubwa kadiri inavyowezekana. Na kama gereji yako ni sakafu ya udongo au zege lililopasuka, yaache kabisa: weka miguu ya pleti, uijenge injini mahali itakaponyanyuliwa.

Kuipandisha kunahitaji mpango. Pleti ya injini, pamoja na bomba lake, ifungwe kwenye injini ikiwa bado imening'inia, na bomba ndilo liingizwe kwenye kola. Kufukuzana na matundu manne ya bolti huku kilo 350 zinabembea ni kujitafutia kukatwa vidole. Kama unatumia kreni ya magurudumu, pima kwanza kama miguu yake inapita kando ya miguu ya stendi. Mara nyingi inagongana, na utaligundua hilo injini ikiwa hewani. Cheni bloku lifungwe kwenye fremu ya miguu mitatu au boriti iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kenchi za paa hazikujengwa kubeba injini, hata zile za chuma. Mnyororo ulegezwe kidogo kidogo, mtu mmoja akitazama weldi na mwingine akitazama bolti, na watoto wasiwepo uani.

Injini ikishakaa, pini ya kufungia isitoke isipokuwa wakati wa kugeuza. Unapogeuza, mmoja anashika mpini, mwingine yuko upande wa pili wa bloku, na hakuna anayesimama mahali ambapo mpini utapita ukiponyoka. Kazi ya siku ikiisha, sukuma kigogo chini ya mbele ya bloku, kiguse. Ovaholi za magari haya hukaa miezi, kwa kuwa sili moja inaweza kusubiriwa muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, na hakuna haja ya stendi kubeba peke yake usiku ambao hakuna anayefanya kazi. Kwa walioko Tanga, Mombasa na Zanzibar kuna la ziada: bloku likitoka kupanuliwa silinda, kuta zake ni chuma kitupu, na hewa ya chumvi inaanza kazi usiku huohuo. Paka oili safi kila silinda, funika kwa plastiki, funga kwa kamba.

Iko kazi ambayo stendi ya kushika nyuma haikuruhusu kuimaliza, na ni vyema uipangie tangu mwanzo. Sili ya nyuma ya krenki, flaiwili na klachi vyote viko upande uliozibwa na pleti. Ninginiza injini iliyokamilika, ivute kutoka kwenye kola, ishushe kwenye mbao nene mbili zilizolala sakafuni, uzito ukae kwenye kingo za bloku na si kwenye sampu, na mnyororo ubaki umekaza kidogo. Fungua pleti. Futa uso wa nyuma kwa petroli na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka sili, kisha flaiwili ikiwa imelengwa kwenye alama ulizochora siku ya kuivua. Zuia krenki isizunguke, na kaza bolti kwa msalaba, kwa hatua, kwa toki rechi na kipimo cha kitabu cha injini yako. Ondoka hapo moja kwa moja hadi kwenye gari, bila kuirudisha kwenye stendi.